Gari la majaribio: Si jipya, si kuukuu

KILA familia yenye mtoto Marekani inaijua ile simu ya usiku wa manane. Huku tumelala, huko bado ni mchana. Mwenye kupiga akianza kwa kicheko, ujue kuna jema. Akianza kwa kimya, amka uketi kitako.

Desemba 2024 simu iliyonifikia ilikuwa ya kicheko. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi mjini Minneapolis katika jimbo la Minnesota, alikuwa amenunua gari la umeme. Si gari lililotoka kiwandani siku ile, bali gari ambalo yadi ililitumia kuwaonyesha wateja na kuwapa walijaribu barabarani. Wauzaji wa huko huliita demo. Lilikuwa limetembea maili elfu nne na ushei, na bei yake ilikuwa imeteremshwa kidogo.

"Mjomba," akaniambia, "muuzaji amesema demo huhesabiwa kuwa jipya. Nikijaza fomu za ushuru mwaka ujao, serikali itanipa nafuu ya dola 7,500."

Nilipiga hesabu gizani. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hizo zilikaribia shilingi milioni moja. Naye hakuwa na mpango wa kuzila peke yake. Dadake mdogo alikuwa ameitwa chuo kikuu hapa nyumbani na karo ilikuwa inangojwa. Shemeji yangu, mume wa dada, akasikia habari hizo na asubuhi yake akaenda kuahidi chuoni kwamba karo yote italipwa kufikia Aprili.

Machi 2025 simu ikaja tena. Safari hii ilikuwa kimya kwanza.

Fomu yake ilikuwa imerudishwa. Idara ya ushuru ya Marekani, IRS, haikuwa na taarifa yoyote kutoka kwa muuzaji kuhusu gari lile. Alipokwenda kuuliza kwenye yadi, ukweli ukatoka polepole kama jino bovu. Yadi ile ilikuwa imelisajili gari kwa jina lake yenyewe, na kwa miezi kadhaa ilikuwa ikiwaazima wateja ambao magari yao yalikuwa gereji. Kwa macho ya sheria, gari lilikuwa na mwenyewe kabla ya mpwa wangu. Halikuwa jipya tena.

"Basi si nipate nafuu ya magari yaliyotumika?" akauliza. Hapo pia mlango ulikuwa umefungwa, na sababu nitakueleza. Kwa ufupi, gari lake lilikuwa kama popo wa hadithi: ndege wakamkataa kwa kuwa ana meno, wanyama wakamkataa kwa kuwa ana mabawa.

Nimeomba ruhusa yake kukusimulia haya, nawe utaniuliza yanakuhusu nini wewe uliye Umoja, Kisauni au Kondele. Yanakuhusu kwa sababu ndugu zetu wengi wako huko, wengine wanasomea huko, na ahadi wanazotutolea huku hutegemea mambo ambayo wao wenyewe hawajayasoma vizuri. Tena sheria hii imebadilika, na wapo wanaoendelea kuambiana habari za zamani.

Nafuu hii ilikuwa kitu gani?

Tazama hati yako ya mshahara. Kila mwezi mfanyakazi wa Kenya hupunguziwa Sh2,400 za kodi ya mapato. Pesa hizo haziondolewi kwenye mshahara kabla ya hesabu. Huondolewa kwenye ushuru wenyewe baada ya kuhesabiwa. Nafuu ya Wamarekani kwa magari ya umeme ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Mtu akidaiwa ushuru wa dola 9,000, naye ana nafuu ya 7,500, atalipa 1,500 tu.

Sheria iliyoipanga upya ilitiwa sahihi na Rais Joe Biden mnamo Agosti 16, 2022. Ilifungua milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa magari mapya, nafuu ya hadi dola 7,500. Mlango wa pili ulikuwa wa magari yaliyokwisha kutumika, nafuu ya hadi dola 4,000. Kila mlango ulikuwa na bawabu wake, na mabawabu hao walikuwa wakali.

Mlango wa magari mapya

Hapa neno kubwa lilikuwa "mtumiaji wa kwanza." Mnunuzi ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kulitumia gari baada ya kuuzwa au kusajiliwa. Kwa hiyo demo lenyewe halikuwa haramu. Ikiwa gari lilikaa kwenye yadi bila kusajiliwa kwa jina la mtu yeyote, wateja wakaingia, wakazunguka nalo mtaa mmoja na kulirudisha, bado lilikuwa jipya hata kama mita ya maili haikusoma sufuri.

Lakini yadi ikilisajili kwa jina lake, ikampa meneja aende nalo nyumbani, au ikaliazima kwa wateja, huyo ndiye mtumiaji wa kwanza. Atakayefuata ni wa pili, hata kama kiti bado kinanukia kiwanda. Hivyo magari mawili yangeweza kusimama bega kwa bega, yote yameandikwa demo kwenye kioo, yote yametembea maili sawa, moja lina nafuu na jingine halina. Tofauti haikuonekana kwa macho. Ilikuwa ndani ya hati.

Kulikuwa na masharti mengine. Gari lilitakiwa liwe limeunganishwa Amerika Kaskazini. Bei iliyopangwa na kiwanda isizidi dola 55,000 kwa gari dogo la kawaida, au 80,000 kwa pikapu, gari la familia la juu au veni. Kuanzia Aprili 2023, nusu ya nafuu ilifungamana na asili ya madini ya betri, na nusu nyingine na mahali vipande vya betri vilikotengenezewa. Mnunuzi asiye na mwenzi hakutakiwa kuwa na mapato ya zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka. Wanandoa wanaojaza fomu pamoja walikuwa na kikomo cha 300,000.

Mlango wa magari yaliyotumika

Huku ndiko wengi wa ndugu zetu walikopiga hodi, maana si kila mtu ana uwezo wa kununua gari jipya. Nafuu ilikuwa asilimia 30 ya bei, lakini isipite dola 4,000. Gari la dola 12,000 lilileta nafuu ya dola 3,600. Gari la dola 20,000 lilileta 4,000 tu, maana dari lilikuwa hapo.

Bei isizidi dola 25,000. Hapa palikuwa na shimo lililowameza wengi. Bei hiyo haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kioo. Ilikuwa jumla ya mkataba, pamoja na gharama ya kulileta gari na ada ambazo muuzaji alijiongezea mwenyewe. Kilichoachwa nje ni ushuru na ada zinazotakiwa na sheria. Chukua mfano: gari la dola 24,900, muuzaji akaongeza ada ya makaratasi ya dola 200. Jumla ni 25,100. Hukukosa sehemu ya nafuu, uliikosa yote. Dola 100 zilikugharimu 4,000. Wala kumpa muuzaji gari lako la zamani kama sehemu ya malipo hakukusaidia, kwa kuwa bei ilihesabiwa kabla ya kulitoa.

Umri wa gari nao ulitazamwa. Mwaka wake wa muundo ulitakiwa uwe angalau miaka miwili nyuma ya mwaka wa kununua. Aliyenunua 2024 alihitaji gari la muundo wa 2022 au la kabla ya hapo. Sasa unaona kwa nini mpwa wangu aligonga ukuta. Gari lake lilikuwa la muundo wa 2024, na bei ilikuwa juu ya dola 40,000. Lilikuwa limezeeka mno kwa mlango wa kwanza na changa mno, tena ghali mno, kwa mlango wa pili.

Kadhalika, gari lilitakiwa liuzwe na muuzaji mwenye leseni. Ukilinunua kwa Mkenya mwenzako baada ya ibada, mkapeana mikono na chai juu, nafuu hakuna. Gari likiwa limekwisha kuuzwa kama kuukuu kwa mnunuzi mwenye sifa baada ya Agosti 16, 2022, nafuu yake ilikuwa imekwisha kuliwa. Nawe mwenyewe hukuruhusiwa kuichukua mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Mapato pia: asiye na mwenzi asizidi dola 75,000, wanandoa 150,000. Muuguzi anayefanya zamu za ziada usiku na Jumapili angeweza kukipita kikomo hicho. Afueni ilikuwa kwamba mtu aliruhusiwa kutumia mapato ya mwaka ule au ya mwaka uliotangulia, yaliyokuwa madogo.

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu: sheria hiyo ilimtupa nje mtu yeyote aliyeandikwa kwenye fomu ya mwingine kama tegemezi. Kijana aliyekuwa chuoni, baba yake akimdai kama tegemezi wake huko huko Marekani, hakupata nafuu ya gari kuukuu hata kama alililipia kwa jasho lake mwenyewe.

Karatasi moja iliyokuwa na nguvu kuliko maneno

Muuzaji alipaswa kupeleka taarifa ya mauzo kwa IRS kupitia mtandao wa idara hiyo, na kumpa mnunuzi nakala. Taarifa hiyo ilikuwa na namba ya gari, bei, tarehe na kiasi cha juu cha nafuu. Bila hiyo, hata uwe na sifa zote za mbinguni na duniani, fomu yako ingerudi.

Tena kuanzia Januari 1, 2024, mnunuzi hakuhitaji kungoja mwaka mzima. Aliweza kumwachia muuzaji nafuu hiyo na kupunguziwa bei palepale. Kwa mwenye ushuru mdogo hii ilikuwa neema, maana aliyengoja kuidai kwenye fomu alipata tu hadi kiasi cha ushuru aliodaiwa, na baki likapotea. Aliyeiachia kwa muuzaji aliipata nzima. Lakini akigundulika kuwa mapato yake yalipita kikomo, aliirudisha yote kwa IRS.

Hapa ndipo nilipomlaumu mpwa wangu, kwa upole. Muuzaji akikuambia gari lina nafuu, na sheria inamruhusu kukupunguzia papo hapo, kwa nini akuambie ungoje? Kungoja huko kulikuwa ishara. Angesema, "Nipunguzie sasa, mbele ya macho yangu," muuzaji angelazimika kuingiza namba ya gari kwenye mtandao wa serikali, na uwongo ungejifichua kabla ya sahihi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Milango yote imefungwa

Sasa, msomaji, sikiliza vizuri hapa. Sheria nyingine iliyotiwa sahihi na Rais Donald Trump mnamo Julai 4, 2025 ilizifuta nafuu hizo. Magari yaliyopatikana baada ya Septemba 30, 2025 hayana nafuu ya serikali kuu ya Marekani, yawe mapya au kuukuu. Hata nafuu iliyokuwa ikipitia kwa kampuni za kukodisha magari ilifungwa siku hiyo hiyo. IRS ilieleza kwamba aliyekuwa na mkataba wa maandishi unaomfunga, na akawa ametoa malipo, hata rubuni, kufikia siku hiyo, alihesabiwa kuwa amelipata gari kwa wakati hata kama alikabidhiwa baadaye.

Kwa hiyo ndugu yako akikupigia leo akisema ananunua gari la umeme la mkono wa pili ili apate dola 4,000, mwambie amechelewa. Baadhi ya majimbo yana mipango yake yenyewe, na kila jimbo lina masharti yake. Aulize jimboni kwake, si kwa muuzaji.

Hata hivyo, swali la demo halijafa. Sheria hiyo hiyo ya 2025 ilileta kitu kingine: riba ya mkopo wa gari jipya inaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa ushuru, hadi dola 10,000 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa 2025 hadi 2028. Mkopo uwe umechukuliwa baada ya Desemba 31, 2024, na gari liwe limeunganishwa Marekani kwenyewe. Si lazima liwe la umeme. Faida huanza kupungua mapato yakipita dola 100,000 kwa asiye na mwenzi, au 200,000 kwa wanandoa.

Sharti la mtumiaji wa kwanza liko palepale. Gari kuukuu halimo, na la kukodi kwa miaka halimo. Demo lililosajiliwa kwa jina la yadi litamtia mnunuzi katika shimo lile lile alimotumbukia mpwa wangu.

Wala usidanganyike na tarakimu. Hii si nafuu ya kuondolewa kwenye ushuru wenyewe. Mtu aliye katika kiwango cha ushuru cha asilimia 12 akilipa riba ya dola 2,000, ataokoa dola 240. Ni pesa, ndiyo, lakini si pesa za karo.

Maswali ya kuuliza kabla ya sahihi

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wapwa, watoto na ndugu wote walio ng'ambo. Yakate uwatumie.

Kwanza, gari hili limewahi kusajiliwa kwa jina la nani? Usikubali jibu la mdomo. Omba kuona hati ya umiliki, na ulinganishe namba ya gari iliyoko kwenye hati na ile iliyoko chini ya kioo cha mbele.

Pili, dhamana ya betri ilianza kuhesabiwa lini? Watengenezaji wengi huko hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000. Kwa demo, saa hiyo mara nyingi huanza kugonga siku yadi ilipoanza kulitumia, si siku wewe uliponunua. Na tarehe hiyo huonyesha pia kama gari lilikuwa likitumika kabla yako.

Tatu, jumla ya mkataba ni ngapi baada ya kila ada? Soma mstari kwa mstari. Ada isiyotakiwa na sheria inaweza kujadiliwa.

Nne, ahadi ya muuzaji iko wapi kwenye karatasi? Akisema demo huhesabiwa kuwa jipya, aandike na kutia sahihi. Akisita, umepata jibu.

Na sisi tulio nyumbani je?

Usitarajie gari hilo kuletwa Mombasa. Kenya haisajili kwa matumizi ya kawaida magari yenye usukani wa kushoto, na gari kuukuu linaloingizwa halitakiwi kupita miaka 8. Kwetu, nafuu ya gari la umeme ilikuja kwa njia nyingine: mwaka wa 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Punguzo hilo lilielekezwa kwa anayeliingiza gari nchini. Wewe unayelinunua kwenye yadi hujazi fomu yoyote. Unapaswa kuangalia tu kama bei unayotajiwa inaonyesha punguzo lolote, au limebaki mfukoni mwa mwingine.

Funzo kubwa zaidi ni la ahadi. Shemeji yangu aliahidi karo kwa pesa ambazo hazijaingia mkononi, naye mpwa wangu aliahidi kwa maneno ya mtu aliyetaka kuuza. Hakuna aliyekuwa mwongo katika nyumba ile. Lakini Aprili ilifika, na msichana akawa ameketi nyumbani huku wenzake wakiingia bwenini.

Tulichanga. Dada yangu aliuza ng'ombe mmoja, mimi nikatoa nilichokuwa nacho, mpwa wangu akaongeza zamu mbili kila wiki. Binti aliingia chuoni wiki tano baadaye, akakopa madaftari ya wenzake, na sasa yuko sawa na wengine. Kakake bado analilipia lile gari. Asema linakwenda vizuri sana, hata katika theluji, lakini kila akiliwasha husikia kama linamcheka.

Juzi alinipigia tena usiku. Rafiki yake alitaka kununua demo kwa mkopo, akiambiwa riba yake itahesabiwa kwenye ushuru. "Nikamwambia aombe hati kwanza," alisema mpwa wangu. "Wakaitafuta saa nzima, Mjomba. Mwisho wakamwonyesha gari jingine."

Kisha akacheka. Nami nikarudi kulala.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.